Niachie kiti nirudi vijijini, kama Mwalimu mwaka 1962?

*"Mimi ni mwenyekiti wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya wakulima wa korosho huku kusini. Nilikuwa mmoja wa tulioianzisha, na hiki ni kipindi changu cha pili. Ghala tunalo, mizani ni yetu, deni la benki tumemaliza. Lakini mkutano mkuu uliopita akidi ilipatikana saa nane mchana, tena baada ya kutuma bodaboda kuita watu. Vijana niliowategemea vijijini wakati tunaanza, mmoja sasa ni meneja wetu, wawili wameajiriwa chama kikuu cha ushirika, kinachounganisha AMCOS zetu. Wanachama wanatuita 'wale wa ofisini'. Mzee mmoja amenishauri nifanye kama Mwalimu Nyerere: nijiuzulu, nimwachie makamu wangu kiti, nirudi vijijini kujenga chama. Rafiki zangu wanasema nikitoka sirudi. Makamu naye anaogopa kuitwa kivuli changu. Nifanye nini?"*

Ndugu Mwenyekiti, nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila nikirudia naona ni maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni la chama: mmefanikiwa, na katika kufanikiwa huko wanachama wamewaponyoka. La pili ni la kiti: nani akikalie, kwa masharti gani, na wewe uwe nani baada ya hapo. Ukijibu la pili kabla ya la kwanza utajikuta umebadilisha jina mlangoni tu, na mkutano ujao bodaboda zitatumwa tena.

Mzee aliyekushauri amekupa mfano mzuri. Tatizo ni kwamba mfano huo huwa unasimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo unayoihitaji wewe. Niruhusu niusimulie wote.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 baadaye, alijiuzulu. Kiti kikaenda kwa Rashidi Kawawa, kijana wa Songea aliyekuwa waziri katika serikali hiyohiyo. Hakukuwa na mapinduzi, wala kashfa, wala kura ya kutokuwa na imani. Bunge karibu lote lilikuwa la TANU, chama chake kilichopigania uhuru: katika uchaguzi wa 1960 chama kilichukua viti 70 kati ya 71. Mtu mwenye nguvu kiasi hicho anawezaje kuachia kiti kabla hajamaliza hata miezi miwili?

Wengi husema alichoka, au aliamua kuyapa madaraka kisogo. Si kweli, na hapo ndipo watu wanaofuata mfano huu wanapojikwaa. Mwalimu aliacha uwaziri mkuu. Urais wa TANU hakuuacha. Alitoka kwenye ofisi moja akaenda kufanya kazi kwa muda wote kwenye ofisi nyingine, ambayo wakati huo ilikuwa imebaki karibu tupu. Wengine huchanganya tukio hili na kung'atuka kwake mwaka 1985. Hayo ni mambo mawili. Mwaka 1985 alikuwa anamaliza safari ya urais. Mwaka 1962 alikuwa anarudi nyuma kidogo kwenda kuchukua mzigo uliodondoka njiani.

Mzigo gani? Sikiliza jinsi mambo yalivyokwenda, maana hadithi hii inafanana mno na ya AMCOS yenu.

TANU ilianzishwa Julai 1954, na kwa miaka saba iliendeshwa na watu waliokuwa karibu na wananchi. Katibu mkuu wake, Oscar Kambona, aliingia serikalini akawa waziri wa elimu. Kawawa mwenyewe alikuwa amejenga shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Naye akawa waziri. Paul Bomani alikuwa ndiye injini ya ushirika wa pamba kule kanda ya ziwa, mtu aliyewaunganisha wakulima wa Usukuma hadi wakawa na chama kikuu chenye nguvu. Naye akaingia serikalini, kilimo kwanza, kisha fedha. Kila mmoja alistahili cheo alichopewa. Lakini jumlisha: chama kimempoteza katibu wake, wafanyakazi wamempoteza kiongozi wao, ushirika umempoteza mjenzi wake, na hayo yote ndani ya muda mfupi. Huko wilayani nako mambo yalikuwa hayohayo kwa kiwango kidogo. Serikali mpya ilihitaji watu, na watu wanaojua kusoma, kupanga na kusema walikuwa palepale kwenye matawi ya chama.

Huo ndio utaratibu wa kudhoofika kwa taasisi iliyoshinda. Haidhoofiki kwa kuibiwa wala kwa uvivu. Inadhoofika kwa sababu ushindi unapandisha watu wazuri juu, na huku chini panabaki ombwe ambalo hakuna aliyekusudia kuliacha. Wewe umempandisha kijana mmoja kuwa meneja, wawili wakachukuliwa na chama kikuu. Ulifurahi, na ulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini nani alikwenda kukaa kwenye mkeka waliokuwa wanaukalia wao kule kijijini?

Kuna jambo la pili, na hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa zaidi. Chama kikiwa bado kinapigania uhai, kiongozi anamhitaji mwanachama kwa kila kitu. Anahitaji kiingilio chake, baiskeli yake, kivuli cha mwembe wake cha kufanyia mkutano, chakula cha mke wake jioni. Kwa hiyo anamsikiliza, atake asitake. Chama kikishashinda, riziki inaanza kutoka kwingine. Kwenu ninyi ushuru unakatwa kwenye kila kilo inayouzwa mnadani. Mwanachama ahudhurie mkutano au asihudhurie, ushuru umeingia. Taratibu simu zako zinakuwa za chama kikuu, benki, mnunuzi, mwendesha ghala, halmashauri. Masikio yako yanageukia juu bila wewe kujua, na mwanachama anageuka kilo. Yeye analihisi hilo mapema kuliko wewe. Ndipo anapokuita "wa ofisini", halafu siku ya mkutano anakwenda kupalilia.

Kwa hiyo nakubaliana na mzee wako kwamba ugonjwa wenu na ule wa TANU ya Januari 1962 ni wa ukoo mmoja. Sasa tuione dawa, pamoja na uchungu wake.

Mwalimu hakuondoka na kwenda kupumzika Butiama. Alizunguka nchi. Alikutana na watu wa matawi, alifafanua uhuru maana yake nini kwa mtu ambaye kesho yake bado angeamka na jembe lilelile. Aliandika, kijitabu chake kuhusu ujamaa kilitoka Aprili mwaka huohuo. Aliona kuna kazi ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya vizuri kama yeye, na kwamba kazi ya uwaziri mkuu kuna mwingine angeweza kuifanya. Nataka ulishike hilo. Swali alilojiuliza halikuwa "nimechoka?" wala "wananipenda bado?" Lilikuwa kazi ipi inanihitaji mimi, na ipi inaweza kufanywa na mwenzangu.

Jiulize hilohilo kwa uaminifu. Ikiwa wewe ndiye mtu pekee katika bodi anayejua kusoma mkataba wa benki na kubishana na mwendesha ghala, basi ukienda vijijini utaacha nyumba bila mlinzi. Ikiwa makamu anayaweza hayo, na wewe ndiye mtu ambaye wakulima wa kijiji cha mbali bado wanakumbuka jina lake na la baba yake, basi jibu linaanza kuonekana.

Sasa makamu wako. Hofu yake ya kuitwa kivuli nimeipenda, maana anayeogopa kuwa kivuli ana nia ya kuwa mtu. Kawawa naye alisemwa hivyohivyo, kwamba anapasha kiti joto. Lakini tazama alichofanya katika miezi ile isiyozidi kumi na moja. Serikali yake iliharakisha kuwaweka Waafrika kwenye nafasi zilizokuwa za Waingereza. Wakuu wa majimbo wa kikoloni waliondoka, wakaja wakuu wa mikoa walioteuliwa kisiasa. Maandalizi ya kuwa jamhuri yalifanyika mikononi mwake. Na jambo gumu kuliko yote kwa mtu kama yeye: aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi alisimamia sheria zilizobana haki ya kugoma. Unaweza kuzipinga sheria hizo, na mimi naona ziliumiza, lakini huwezi kusema zilikuwa kazi ya kivuli.

Kilichomwezesha ni kwamba alikabidhiwa kiti kizima. Mwalimu hakubaki kwenye chumba cha pili akisubiri faili. Hapa, Ndugu Mwenyekiti, nimeona vyama vingi vikiharibika, na ningependa niseme bila kuzunguka. Mwenyekiti anajiuzulu kwa hotuba nzuri, watu wanalia, halafu jina lake linabaki kwenye orodha ya watia saini benki "kwa muda". Ufunguo wa kabati unabaki kwake kwa sababu "mwenzangu bado hajazoea". Mnunuzi akipiga simu anapiga kwake. Miezi mitatu haipiti, mwenyekiti mpya anagundua kwamba amepewa kiti na kunyimwa meza. Kuanzia hapo ama anakuwa kivuli kweli, ama anakuwa adui. Makamu wako hatageuka kwa sababu ana moyo mbaya. Watu wengi hugeuka kwa sababu wamewajibishwa kwa maamuzi ambayo hawakuruhusiwa kuyafanya.

Ukitaka mfano wa makabidhiano yasiyokamilika, haupo mbali. Mwaka 1985 urais ulikwenda kwa Ali Hassan Mwinyi, lakini Mwalimu alibaki mwenyekiti wa CCM, chama tawala kilichoirithi TANU, hadi 1990. Mzee Mwinyi ndiye aliyebeba makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, huku chama kikiwa bado chini ya mtu aliyekuwa amelipinga shirika hilo kwa miaka. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyowakataza viongozi kujihusisha na mambo ya kibepari, yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, baada ya uenyekiti nao kubadili mikono. Kila mtu ana maoni yake kama kulegeza huko kulikuwa kwema au kubaya. Ninachokuonyesha ni kwamba rais aliyeko madarakani alisubiri miaka kadhaa kabla ya hatua hiyo kuwezekana. Gari lenye madereva wawili kwenye usukani haliendi upesi.

Halafu kuna bei, na hii ndiyo nusu ambayo mzee wako hakukusimulia.

Mwalimu alirudi. Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri na yeye akawa rais wa kwanza, baada ya kumshinda mpinzani wake, Zuberi Mtemvu, kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Kiti alichorudia kilikuwa kikubwa kuliko alichoacha: rais mtendaji, si waziri mkuu. Chama alichokwenda kukijenga kilipata nguvu kweli, lakini kwa namna iliyokifunga na serikali. Mkuu wa mkoa akawa pia mtu wa chama. Mwaka huohuo wa 1962 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Kwa hiyo mwananchi alisogezewa chama karibu zaidi, na papo hapo akapungukiwa mahali pa kwenda kukishtaki chama.

Sisemi haya kumshusha Mwalimu, ninayemheshimu kwa dhati. Nasema kwa sababu ukienda vijijini unaweza kujenga mojawapo ya vitu viwili, na kwa macho vinafanana. Unaweza kujenga mapenzi ya watu kwako, au unaweza kujenga uwezo wa watu kuihoji bodi. Cha kwanza kitajaza uwanja siku ya mkutano, na siku utakayougua uwanja utakuwa mtupu. Cha pili kitakuletea maswali makali kuhusu makato ya kila kilo, kuhusu magunia, kuhusu posho za vikao, na baadhi ya maswali hayo yatakuhusu wewe binafsi.

Turudi kwa Kawawa mara moja, kwa sababu maisha yake yana somo jingine kwa makamu wako. Alipopoteza uwaziri mkuu Desemba 1962 hakununa. Akawa Makamu wa Rais. Baada ya Muungano wa 1964, Abeid Karume wa Zanzibar alipokuwa Makamu wa Kwanza, yeye akawa wa Pili. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena. Mwaka 1977 Edward Sokoine, aliyekuwa waziri wa ulinzi chini yake, akapanda kuwa Waziri Mkuu, na Kawawa akashuka kwenda kushika wizara ileile ya ulinzi aliyoiacha Sokoine. Mkubwa akawa chini ya mdogo wake, akafanya kazi. Vita vya Kagera vilimkuta hapo. Sijui viongozi wangapi wa ushirika ninaowafahamu wangeweza kuvumilia hilo hata kwa wiki moja.

Lakini utii wa namna hiyo nao una hatari, na wewe kama mwanaushirika unapaswa kuijua. Mwaka 1976 serikali, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Kazi ya miaka mingi ya wakulima, ikiwamo ile ya kina Bomani kwenye pamba, iliondolewa kwa uamuzi kutoka juu, na ikabidi irudishwe kwa sheria ya 1982. Mtu mwaminifu akiwa amezungukwa na watu waaminifu, nani atasema "hapa tunakosea"? Usimtafute makamu atakayekutii. Mtafute atakayekukatalia mbele ya bodi na bado mkala pamoja jioni.

Sasa nikuambie ninavyoona mimi, kwa kuwa umeuliza nifanye nini na hukuuliza historia inasemaje.

Usijiuzulu kwanza. Jaribu msimu mmoja wa nusu njia, kwa azimio la bodi lililoandikwa: makamu aongoze vikao vya bodi na mazungumzo yote na chama kikuu, benki na wanunuzi, wewe utumie siku zako vijijini. Mwalimu hakuwa na nafasi ya kujaribu namna hii, kwa kuwa serikali haiwezi kuwa na mawaziri wakuu wawili. Ninyi mnayo. Jaribio hilo litakuonyesha mambo mawili ambayo hakuna mtaalamu awezaye kukuambia akiwa mbali: kama makamu anaweza, na kama wewe unaweza kukaa kimya simu isipolia. La pili ndilo gumu.

Ukishaona linakwenda, ndipo uachie kiti kwa utaratibu kamili. Usifanye hivyo katikati ya mauzo. Kuanzia Oktoba korosho ziko njiani, minada inaendelea, wakulima wanasubiri malipo. Kubadili uongozi wakati huo ni kuwatisha watu bure. Subiri malipo ya mwisho yatoke na hesabu zifungwe, kabla shughuli za salfa, ile dawa ya mikorosho, na pembejeo za msimu mpya hazijaanza. Soma masharti ya chama chenu kuhusu nafasi inayoachwa wazi: mara nyingi kiti si mali yako ya kumpa makamu, ni cha mkutano mkuu kuamua. Na siku ya kukabidhi, saini yako benki iondoke siku hiyohiyo.

Kuhusu rafiki wanaosema ukitoka hutarudi, huenda wana haki. Mwalimu alirudi, lakini alikuwa bado na urais wa TANU mkononi. Wewe hutakuwa na kitu kama hicho. Ukitoka, toka ukiwa tayari kubaki mwanachama wa kawaida mwenye kilo zake ghalani. Kama wazo hilo linakukosesha usingizi, usione haya. Liseme kwa makamu, kisha muendelee na ile nusu njia.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyabeba. Ikiwa kuna hoja ya ukaguzi ambayo haijajibiwa, malipo ya wakulima yaliyopotelea mahali, au mtu ndani ya bodi anayekushinikiza uondoke haraka, usijiuzulu kabla hujakaa na ofisa ushirika wa wilaya, na ikibidi ofisi ya mrajis msaidizi wa vyama vya ushirika mkoani. Kujiuzulu katikati ya hoja ya fedha kutasomwa kama kukiri, hata kama huna kosa. Ikiwa kinachokusukuma ni mwili, yaani shinikizo la damu, kukosa usingizi, hasira za ghafla, hilo ni la daktari kwanza na la bodi baadaye. Na ikiwa wewe na makamu mmekwisha kufikia kutosalimiana, tafuteni wazee wawili mnaowaheshimu wote, mkae nao ana kwa ana.

Kwa sasa anza na jambo dogo. Kabla ya kikao chochote, kaeni wawili tu, ninyi na daftari. Mwulize: siku nitakaposimama kwenye mkutano mkuu kama mwanachama na kupinga uamuzi wako, utafanya nini? Naye akuulize: siku nitakapokataa ushauri wako na mambo yakaenda vizuri, utasema nini huko vijijini? Andikeni majibu, kila mmoja kwa mkono wake. Kisha niandikie tena.